Breki za busta kwenye gari la zamani: pima kwanza, ndipo ununue

Gari la zamani likishabadilishiwa injini, likafungwa kamshafti kali na matairi mapana, linapata mbio ambazo breki zake hazikuundiwa. Wenye magari wengi hapo huenda moja kwa moja kununua busta kubwa inayong'aa, yaani kile kifaa kinachoongezea nguvu ya mguu kwenye breki. Mimi huiacha busta hadi nipate vipimo vitatu: vakyumu ya injini (nguvu yake ya kufyonza hewa), uwiano wa pedali na kipenyo cha masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni. Ukivijua hivyo, chaguo la busta linabaki dogo sana. Usipovijua, unaweza kumaliza pesa kwenye vipuri na bado ukalazimika kukanyaga pedali kwa nguvu zako zote.

Hatua ya 1: Kagua kilichopo

Busta inampunguzia dereva kazi ya mguu. Haiponyi dramu iliyochimbika, mpira wa breki uliovimba ndani wala pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye disiki) iliyoganda kwa kutu. Fungua magurudumu yote manne, rekebisha hayo kwanza.

Angalia pia masta silinda. Ikiwa ina chumba kimoja kinacholisha magurudumu yote, ibadilishe hata kama haivuji. Kwenye mfumo wa namna hiyo, bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Marekani iliwataka watengenezaji waweke mifumo miwili iliyotengana kwenye magari madogo mapya kuanzia mwaka 1968, kwa hiyo magari mengi ya kabla ya hapo bado yana chumba kimoja. Kwangu mimi hili halina mjadala: sifungi busta kwenye masta ya chumba kimoja.

Hatua ya 2: Pima vakyumu ya injini

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo usiharakishe. Busta ya kawaida ina diaframu ya mpira. Upande mmoja injini inafyonza hewa, upande wa pili hewa ya nje inaingia unapokanyaga, na tofauti ya mgandamizo ndiyo inayosukuma pistoni ya masta. Nguvu yote inategemea mambo mawili: ukubwa wa diaframu na vakyumu uliyo nayo.

Unganisha geji kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, kwenye tundu litakalolisha busta. Acha injini ipate moto, kisha soma geji injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Kama giaboksi ni otomatiki, mwenzako akanyage breki na kuingiza gia, magurudumu yakiwa yamewekewa vizuizi, kwa kuwa vakyumu hushuka gia ikiingia.

Injini nzima ya kawaida hutoa inchi 17 hadi 21 za zebaki, kipimo kinachosomeka kwenye geji ya vakyumu. Ukipata 18 au zaidi, busta ya vakyumu itakufaa vizuri. Kamshafti kali huacha vali za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi, na vakyumu inaweza kushuka hadi 10 au 12. Fanya hesabu: diaframu ya inchi 9 kwenye vakyumu ya 18 inasukuma kama kilo 250, kabla ya kutoa upotevu wa ndani. Kwenye vakyumu ya 10, diaframu hiyohiyo inasukuma kama kilo 140 tu. Kwa maneno mengine, busta ya inchi 9 kwenye vakyumu ya 11 haina tofauti na busta ndogo ya inchi 7 kwenye vakyumu ya 18. Nafasi ikiwa finyu kwenye boneti, busta ya inchi 8 yenye diaframu mbili zilizopangana inaweza kushinda ya inchi 9 yenye diaframu moja.

Vakyumu ikiwa ndogo, njia ni tatu. Tangi la akiba linatunza vakyumu unayoipata unapoachia mafuta gari likiwa kwenye mwendo. Linasaidia unapokanyaga breki mara kadhaa mfululizo, lakini haliongezi kisichokuwepo. Pampu ya umeme inaongeza kweli, ilimradi uifungie swichi ya mgandamizo, rilei yake na vali ya kuzuia hewa kurudi. Njia ya tatu ni busta ya haidroliki inayotumia pampu ya usukani wa pawa. Hiyo haijali vakyumu hata kidogo, na ndiyo ninayoipendelea kwa injini yenye kamshafti kali sana, yenye tabo, au ya dizeli. Ina akiba ya mgandamizo ya kukusimamisha mara chache injini ikizimika. Bomba lake la kurudisha mafuta lipeleke moja kwa moja kwenye tangi la pampu.

Hatua ya 3: Pima uwiano wa pedali

Pima kutoka kwenye pini ambayo pedali inaninginia hadi katikati ya sehemu ya kukanyagia. Gawanya kwa umbali kutoka pini hiyohiyo hadi tundu la fimbo ya kusukumia. Breki zisizo na busta huhitaji kama 6 kwa 1. Zenye busta, 4 au 5 kwa 1. Ukiacha 6 na kuongeza busta, pedali itakuwa na safari ndefu na breki zitashika ghafla kwa mguso mdogo. Baadhi ya pedali za zamani zina matundu mawili: la juu, karibu na pini, ni la breki bila busta, la chini ni la busta.

Hatua ya 4: Chagua masta silinda

Watu huamini masta kubwa ina nguvu zaidi. Ni kinyume chake. Ukitoka kipenyo cha inchi 1 kwenda inchi 1⅛, eneo la pistoni linaongezeka kwa zaidi ya robo, na kwa msukumo uleule mgandamizo kwenye mabomba unashuka kwa kama asilimia 21. Unachopata ni pedali yenye safari fupi. Anza na inchi 1. Panda tu kama kalipa zina pistoni kubwa na pedali inakaribia sakafu ingawa upepo (hewa iliyonaswa ndani ya mabomba) umekwisha kutoka.

Kama mbele ni disiki na nyuma ni dramu, unahitaji vali ya kupunguza mgandamizo wa nyuma, ikiwezekana ile ya kurekebishika kwa mkono. Kama masta iko chini ya sakafu, weka vali za kubakiza mgandamizo: psi 2 (psi ni kipimo cha mgandamizo) kwa disiki, psi 10 kwa dramu. Usiweke ile ya 10 kwenye disiki, pedi zitabaki zimebana.

Hatua ya 5: Funga, na urekebishe fimbo

Kati ya fimbo ya busta na pistoni ya masta acha uwazi wa kama nusu milimita. Pima kwa kipande cha udongo laini wa kuchezea kwenye ncha ya fimbo: funga masta, ifungue, pima unene uliobaki. Fimbo ikiwa ndefu, tundu dogo la kurudishia mafuta ya breki linabaki limezibwa, na baada ya mwendo kidogo breki zinajikaza zenyewe. Ukikutana na hali hiyo, legeza nati za masta kidogo. Magurudumu yakiachia, umempata mhalifu.

Mpira wa vakyumu uwe wa kazi hiyo. Ule wa petroli unaweza kujibana ndani. Midomo ya mabomba ikunjwe mara mbili.

Hatua ya 6: Toa upepo, kisha jaribu

Toa upepo kwanza kwenye masta ikiwa imebanwa kwenye jiliwa, ndipo uifunge kwenye gari. Kisha anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Vali za kutolea upepo kwenye kalipa lazima zitazame juu. Kalipa za kushoto na kulia zikibadilishana, upepo hautoki kamwe. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, na usichanganye na DOT 5 ya silikoni.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie, washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Zima injini, subiri dakika chache, kanyaga tena: mkanyago wa kwanza au wa pili ukiwa mgumu tayari, vakyumu inavuja, na wa kwanza kushukiwa ni vali ya kuzuia kurudi.

Jaribio la mwendo lifanyie mahali patupu, kwa kasi ndogo. Anza na vali ya nyuma ikiwa imerekebishwa kwenye mgandamizo mdogo kabisa, kisha uongeze kidogo kidogo. Matairi ya mbele yanatakiwa kufunga, yaani kuacha kuzunguka, kabla ya ya nyuma. Ya nyuma yakitangulia, punguza na urudie.