Jinsi ya kuongoza shirika la Kikristo la misaada bila kumsahau anayepokea

Kama umekabidhiwa kuongoza shirika la Kikristo linalopeleka misaada, iwe ni shirika kubwa lenye ofisi nchi kadhaa au ni watu kumi na wawili wa kanisani mliojisajili mwaka jana tu, kabla ya kugusa bajeti fungua Matendo 6 usome polepole. Wengi tunaipita haraka tukikimbilia habari za Stefano. Kanisa linakua, kuna huduma ya kila siku kwa wajane, alafu wajane wa wale wanaosema Kiyunani wakawa wanasahaulika kwenye ugawaji, manung'uniko yakaanza. Mitume hawakusema hawa wana roho ya kulalamika, waliita watu wote wakasema chagueni watu saba wenye sifa njema tuwape kazi hii. Sasa angalia majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani! Yaani inavyoonekana funguo za stoo walipewa watu wa upande uleule uliokuwa unalalamika.

Mimi naona uongozi wa kazi hii yote uko hapo. Mfadhili ana njia mia za kukuuliza pesa yake imeenda wapi, lakini yule mama aliyepokea mfuko wa unga ana njia gani ya kukuuliza? Kazi yako kama kiongozi ni kumtengenezea hiyo njia, na haya mengine yote ninayoandika hapa yanatoka humo.

Anza kwa kwenda kuangalia. Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache akakagua ukuta ulivyobomoka na malango yalivyoungua, na muda huo alikuwa hajamwambia mtu chochote. Ndo tathmini hiyo. Wewe ukifika na gari limeandikwa jina la shirika ukauliza "mnahitaji nini", watu watakutajia kile wanachodhani umekuja nacho, na hawana kosa, wana shida. Uliza kwa njia nyingine: jana mlikula nini, maji mnachota wapi na mnatumia muda gani, sokoni vitu vipo ila hela hakuna au vitu vyenyewe hakuna? Ongea na wanawake peke yao bila wanaume kuwepo, ongea na walemavu, tafuta ambao hawakuja kwenye mkutano, mana aliyekosekana mkutanoni mara nyingi ndo mwenye hali mbaya zaidi. Na usiandike orodha ya walengwa kwa kumtegemea mtu mmoja, hata akiwa mchungaji wa pale, yeye anawajua vizuri waumini wake ila majirani wa dini nyingine huenda hawajui kivile.

Kama soko linafanya kazi fikiria kupeleka pesa badala ya mizigo, mtu mzima anajua nyumbani kwake kumepungua nini. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 nguo za mitumba zilirundikana Aceh, Indonesia, bila matumizi, pamoja na makoti mazito kwenye nchi ya joto, na yote yalitumwa na watu wenye moyo mzuri kabisa ambao hawakuuliza.

Pia ulizia nani mwingine yuko pale. Tangu 2005 kwenye dharura kubwa Umoja wa Mataifa na mashirika wanakutana kwa makundi ya sekta, maji kivyao, afya kivyao, makazi kivyao. Vile vikao vinachosha lakini hudhuria, la sivyo utachimba kisima pale mwenzako alipochimba wiki iliyopita na kijiji cha pili kibaki na kiu. Na msione shida kushirikiana na madhehebu mengine. Wakati wa vita ya Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria, 1967 mpaka 1970, makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti yaliungana kurusha chakula na dawa usiku kutoka kisiwa cha São Tomé mpaka Uli, ndani ya Biafra, uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha barabara kilichopanuliwa, ndege zinatua karibu gizani. Waliokoa watu wengi sana. Hata hivyo baadaye likaja swali gumu kama msaada ule ulirefusha vita, na watu wanabishana mpaka leo. Kwa hiyo kila mradi wako uliza na hili: huu msaada unampa nguvu nani, na nani ataumia kwa sababu tumekuja?

Vipimo usivitunge kichwani. Kuna viwango vya Sphere, yaani vipimo vya chini kabisa vya msaada wa dharura, mashirika yalianza kuviandaa 1997, toleo linalotumika sana sasa ni la 2018. Mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, choo kimoja kwa watu 20 (mwanzoni kabisa mwa dharura unaweza kuanza na 50), sehemu ya kulala mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, chakula kilokalori 2,100 kwa siku. Zibandike ukutani ofisini. Mtu akisema tumewahudumia watu elfu moja, muulize lita ngapi kwa kila kichwa.

Sasa suala la imani, hili linagombanisha watu sana. Mwaka 1994 vuguvugu la Msalaba Mwekundu na mashirika mengine, yakiwemo ya makanisa, walitoa kanuni za maadili zenye vipengele kumi. Cha pili kinasema msaada utolewe bila kujali kabila, dini wala utaifa, unafuata uhitaji tu, na cha tatu msaada usitumike kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Wapo wanaosikia hivo wanasema basi mnatuambia tumkane Kristo. Hapana jamani, hamzuiwi kuomba, hamzuiwi kusema nyinyi ni nani, anayekuuliza kwa nini umekuja mjibu kwa moyo wako wote. Ila mwangalie mama amesimama kwenye foleni tangu alfajiri, mtoto mgongoni ana homa, mifuko ya unga anaiona pale mezani, alafu mhubiri anasema anayempokea Yesu ainue mkono. Atainua. Na wewe hutajua kamwe ameinua kwa ajili ya nini, na yeye mwenyewe umemwekea jambo takatifu kwenye mizani moja na unga. Tenganisheni kabisa: siku tofauti, sehemu tofauti, na ikiwezekana watu tofauti. Yule Msamaria wa Luka 10 hakumuuliza majeruhi anaabudu mlima gani, alifunga majeraha, akalipa dinari mbili na akaahidi kupita tena kulipa kilichozidi, ina maana mpaka ufuatiliaji alikuwa ameupanga.

Upande wa pesa nitakuwa mkali kidogo. Mchungaji ni mwenyekiti, mkewe ni mhasibu, shemeji anatunza stoo: hata kama wote ni waaminifu kama malaika, hilo shirika haliko salama. Paulo alipobeba michango ya makanisa, 2 Wakorintho 8, hakusafiri nayo peke yake, alienda na watu waliochaguliwa na makanisa ili asije akalaumiwa na mtu yeyote, akasema wazi anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama mtume alikubali kuangaliwa mimi na wewe tunakataa kwa lipi? Saini mbili kila malipo, anayeagiza asiwe anayepokea mzigo wala anayelipa, risiti ya kila kitu, odita wa nje kila mwaka, na bodi yenye watu wanaoweza kukwambia hapana usoni. Pesa iliyotolewa kwa ajili ya visima isilipe kodi ya ofisi hata kwa kuazima wiki mbili. Na gharama za uendeshaji waambieni wafadhili ukweli, mhasibu mzuri na dereva makini ni sehemu ya msaada.

Ulinzi wa watu, hapa naomba usome mara mbili. Mwaka 2002, baada ya kugundulika wafanyakazi wa misaada Afrika Magharibi walikuwa wanawadai wanawake na wasichana wakimbizi ngono ili wapate chakula, mashirika yaliwekeana kanuni sita. Kwa ufupi: ni marufuku ngono na aliye chini ya miaka 18 hata ukidai hukujua umri, ni marufuku kubadilisha pesa, kazi au msaada kwa ngono, na ukihisi mwenzako anafanya lazima uripoti. Sisi wa kanisani tuna udhaifu wetu, tunamwita mtu pembeni, analia, tunamwombea, kesho yupo kazini. Msamehe kama Mungu akikujalia, lakini kesho asiwepo kazini, na aliyeumizwa apelekwe kwenye matibabu na sheria ijulishwe, kwa ridhaa yake kama ni mtu mzima. Kabla ya kuajiri piga simu kule alikofanya kazi mwanzo. Barua ya mchungaji peke yake haitoshi.

Na watoto msiwachukue hovyo. Januari 2010, wiki chache tu baada ya tetemeko la Haiti, Wamarekani 10 wa kikundi cha kanisa walikamatwa wakijaribu kuvusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila vibali, wakiamini wanaokoa yatima, ikaja kujulikana watoto wale wana wazazi walio hai. Kwenye dharura kazi ya kwanza ni kumtafutia mtoto ndugu zake.

Siku ya ugawaji kiongozi usikae kwenye kiti cha wageni, nenda kasimame pale kwenye kopo. Nimesimama hapo siku nzima na ndo nilipojifunza kuliko kwenye semina zote. Kijana anachota maharage, kwa mmoja kopo linajaa mpaka linamwagika, kwa anayefuata anapitisha kiganja juu akisawazisha kabisa, na ukifuatilia yule wa kwanza anamfahamu. Hakuna anayeandika hilo kwenye ripoti. Weka mizani mwisho wa foleni kila mtu aweze kupima mwenyewe, andika kwenye ubao kwa lugha yao kila familia inapata kilo ngapi na kwamba hakuna malipo yoyote, weka kivuli na maji ya kunywa, wazee na wajawazito wapite mbele. Karibu na njia ya kutokea weka dawati la malalamiko, akae mtu ambaye hagawi chochote, ikiwezekana mwanamke kutoka miongoni mwao, na namba ya simu ya bure kwa wanaoogopa kuonekana. Kila lalamiko lijibiwe ndani ya muda mliotangaza. Mwezi ukipita dawati halijapokea kitu usishangilie, nenda ukaulize kwa nini watu wanaogopa.

Picha: omba ruhusa kwa lugha anayoielewa, ajue itaenda wapi, na akikataa mfuko wake anapata vilevile. Mtoto wa mtu akiwa uchi asipigwe picha, ungekuwa ni wako usingekubali.

Wafanyakazi wako wape likizo kwa lazima, na mtu wa kuongea naye. Wanaojituma kwa ajili ya Mungu huwa hawasemi wamechoka mpaka wanaanguka.

Na mkifunga mradi, miezi mitatu kabla waambieni watu tarehe. Siku ya mwisho iteni mkutano, someni hadharani pesa iliyoingia ilikuwa kiasi gani, imetumika kwenye nini, na nini hamkufanikisha, alafu kaeni chini muulizwe maswali mpaka yaishe, hata jua likizama.