Namna ya kuthibitisha msamaha wa kanuni ya usalama wa mazao kwa shamba dogo la mboga Marekani

Mwongozo huu ni kwa wakulima wenzetu waliohamia Marekani, hasa kutoka Kongo na Burundi, wanaolima lengalenga, matembele na nyanya chungu na kuziuza katika masoko ya mwishoni mwa juma. Nimeuandika baada ya kumsaidia jirani aliyeamini kwamba msamaha huombwa ofisini na kutolewa kwa barua. Barua hiyo haipo. Kanuni ya usalama wa mazao, ambayo mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliitoa mwaka 2015 kwa kufuata sheria ya usalama wa chakula ya 2011, humwachia mkulima ajipime mwenyewe, kisha awe na maandishi ya kumwonyesha mkaguzi.

Hatua ya 1: Orodhesha unacholima. Kanuni haiyagusi mazao ambayo FDA imeyataja kuwa huliwa mabichi kwa nadra, yakiwemo viazi, viazi vitamu, bamia, biringanya, maboga, karanga na sukuma wiki ya majani laini iitwayo collards. Kale, mboga ya jamii ya sukuma wiki, haimo. Orodha hiyo imefungwa, na zao lisilotajwa haliingizwi kwa hoja ya desturi zetu: lengalenga haimo, ingawa sijamwona mama wa kwetu anayeila mbichi. Matembele nayo usiyahesabu kuwa yamesamehewa kwa sababu tu kiazi chake kimetajwa.

Hatua ya 2: Pima kiwango cha dola 25,000. Ikiwa wastani wa mauzo yako ya mboga na matunda kwa miaka mitatu iliyopita hauzidi kiwango hiki, kanuni haikuhusu. Jumlisha hata ile bamia iliyokwisha kusamehewa.

Hatua ya 3: Pima kiwango cha dola 500,000, kisha wagawe wanunuzi. Aliyezidi kiwango cha kwanza bado ana msamaha akitimiza masharti mawili, na hapa ndipo kazi ilipo. Kwanza, hesabu si ya mboga tena bali ya chakula chote ulichouza, na neno chakula linachukua mayai, maziwa, mbuzi hai wa kuchinjwa, hata nyasi kavu za kulishia mifugo. Wastani wa miaka mitatu lazima uwe chini ya kiwango. Viwango vyote viwili hupandishwa kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei tangu 2011, kwa hiyo tafuta jedwali jipya la FDA.

Pili, mauzo kwa wanunuzi wanaostahili lazima yazidi mauzo kwa wengine wote. Anayestahili ni mlaji mwenyewe, popote anapoishi, au mgahawa au duka la chakula la rejareja lililo ndani ya jimbo lenu au lisilozidi maili 275, yaani kilomita 443 hivi, kutoka shambani. Familia inayolipia kikapu cha kila juma ni mlaji. Jiko la hospitali linalowapikia wagonjwa huhesabiwa kama mgahawa. Mchuuzi wa jumla hastahili hata akiwa jirani yako wa ukuta mmoja, wala ghala linalosambazia maduka si duka.

Tuchukue mfano wa shamba lililowauzia wanaostahili dola 30,000 mwaka 2023, dola 26,000 mwaka 2024 na dola 20,000 mwaka 2025, huku wengine wakinunua dola 10,000, 18,000 na 28,000. Mwaka 2025 ukiutazama peke yake, wachuuzi wamezidi, na wengi hukata tamaa hapo. Lakini kinachopimwa ni wastani: jumla ya miaka mitatu ni 76,000 dhidi ya 56,000, kwa hiyo mwaka 2026 shamba bado lina msamaha. Mauzo ya 2026 yakirudia yale ya 2025, hesabu inakuwa 66,000 dhidi ya 74,000, na msamaha unakoma mwaka 2027. Hesabu hii irudiwe kila mwaka, si mara moja tu.

Kwa kazi hii sizipendi programu za simu. Kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, na daftari lenye safu mbili, moja ya wanaostahili na moja ya wengine, vinatosha kabisa, na mkaguzi huvisoma bila kuuliza maswali mengi.

Hatua ya 4: Bandika jina na anwani ya shamba pale unapouzia. Anwani iwe kamili: mtaa au sanduku la posta, mji, jimbo na msimbo wa posta. Namba ya simu haitoshi. Kwa mgahawa, iandike kwenye ankara inayoambatana na mzigo.

Hatua ya 5: Tunza kumbukumbu. Risiti ziwe na tarehe, hazihitaji sahihi. Karatasi ya mapitio ya kila mwaka, yaani ile inayoonyesha kwamba umerudia hesabu na bado unastahili, ndiyo inayotiwa sahihi na tarehe. Risiti za 2023 usizitupe kabla ya 2026 kwisha, kwa kuwa ndizo zinazoubeba msamaha wa mwaka huo.

Msamaha huu unaweza kufutwa iwapo mlipuko wa ugonjwa utahusishwa moja kwa moja na shamba lako. Na ukiona safu ya pili ya daftari inaikaribia ya kwanza, jiandikishe mapema kwa mafunzo ya Produce Safety Alliance, mpango wa kuwafundisha wakulima usalama wa mazao, kwa sababu shamba lisilo na msamaha hutakiwa kuwa na angalau msimamizi mmoja aliyemaliza mafunzo hayo au mengine ya kiwango hicho.