Fuata mwezi kwa ngumi yako: somo la anga kutoka Moshi

Huhitaji darubini kuanza kusoma anga. Mkono wako, daftari na jioni tatu zisizo na mawingu vinatosha. Wanafunzi wangu hapa Moshi huanza na mwezi mchanga, siku ya pili au ya tatu baada ya kuandama.

Hatua ya 1: Tafuta uwazi wa magharibi

Ukiwa Moshi mjini, magharibi ni upande wa Mlima Meru. Kaa mbali na taa za barabarani, jua likishazama tu. Januari na Februari ni miezi mizuri. Aprili usijisumbue, ni masika.

Hatua ya 2: Chora ulichokiona, si ulichokariri

"Mwalimu, mbona umelala?" Swali hili huulizwa kila mwaka, nami hulifurahia kila mara, maana vitabu vingi huuchora mwezi mchanga ukiwa umesimama. Sisi tuko digrii 3 tu kusini mwa ikweta. Jua letu huzama karibu wima, hivyo upande wa mwezi unaomulikwa huelekea chini liliko jua, na pembe zake hutazama juu kama mtumbwi.

Giza la sehemu iliyobaki si kivuli cha Dunia. Ni upande wa mwezi usiopata jua. Kivuli chetu huufikia siku ya kupatwa kwa mwezi tu.

Hatua ya 3: Pima

Nyoosha mkono, kunja ngumi, fumba jicho moja. Ngumi hufunika digrii 10 hivi za anga, hata ya mtoto, kwa kuwa mkono wake nao ni mfupi. Chagua nyota angavu iliyo karibu na mwezi. Sayari pia inafaa: nyota humetameta, sayari hutulia, na Zuhura au Mshtarii ikiwapo hutaikosa. Andika umbali kati yake na mwezi.

Kesho saa ileile pima tena. Mwezi utakuwa umesogea mashariki kama digrii 13, yaani ngumi moja na theluthi. Usipime umbali wa mwezi kutoka paa la nyumba, kwa sababu anga lote huonekana likienda magharibi na litakuchanganya.

Hatua ya 4: Gawanya

Mzunguko mzima ni digrii 360; 360 kwa 13 ni siku 27 na ushee. Mzunguko halisi ni siku 27.3. Ukipata 26 au 29 kwa ngumi tupu, umepima vizuri.

Hatua ya 5: Dondosha jiwe

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kote. Jiwe likiachiwa hushuka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Sisi tuko kilomita 6,371 kutoka kitovu cha Dunia. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400, yaani mara 60 hivi. Nguvu ya mvutano hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo zidisha 60 kwa 60, upate 3,600. Gawanya mita 4.9 kwa 3,600: milimita 1.4 hivi.

Hicho ndicho kiasi ambacho mwezi huanguka kuelekea kwetu kila sekunde. Katika sekunde hiyohiyo huenda pembeni kilomita moja hivi. Bila mvutano ungenyoosha njia na kutuacha. Zile milimita 1.4 huikunja njia yake kiasi cha kuurudisha kwenye mzunguko, umbali ukibaki karibu uleule. Isaac Newton alilinganisha jiwe na mwezi kwa namna hii, na hesabu zikakubaliana.