Mashine ya kusagia kahawa: lipia meno, vitufe achana navyo

Kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya umeme vya nyumbani hapa Moshi. Zamani mezani kwangu zilijaa pasi, blenda na feni. Siku hizi mara kwa mara inaingia na mashine ya kusagia kahawa. Mkoa huu umelima kahawa tangu wamisionari wa Kilema walipoipanda mwishoni mwa karne ya 19, ila majumbani tumekunywa chai, buni nzuri tukaipeleka mnadani. Sasa watu wameanza kujibakizia kidogo, na mashine zinanunuliwa. Tatizo ni kwamba nyingi zinanunuliwa kwa rangi na wingi wa vitufe. Mimi ndiye ninayezifungua, kwa hiyo nitakuambia kilichomo ndani.

Kabla hujatoa hela, jiulize kwanza unakunywa kahawa ipi. Kama yako ni ile ya kuchemsha kwenye dele au birika, kahawa chungu na kashata pembeni, huna haja ya mashine ya meno, ile inayosaga punje kati ya nyuso mbili. Ile inataka unga laini kabisa, na mashine nyingi za nyumbani hazifiki huko hata ukizikaza mpaka mwisho. Kinu na mchi, au kile kikombe kikavu cha blenda pamoja na chekeche, vinatosha, hela inayobaki kanunulie buni nzuri. Mashine ya meno inaanza kukulipa ukiwa na presi ya Kifaransa, chujio la karatasi, moka (kibirika kinachopandisha maji kwa mvuke) au espreso, yaani vyombo ambavyo maji hukaa na kahawa kwa muda uliopimwa.

Blenda haisagi, inakatakata. Kisu kinapiga punje hovyo, na kikombe kimoja kinatoka na vumbi na chenga kwa pamoja. Vumbi hutoa ladha yake haraka kisha linapitiliza, linaleta uchungu wa kukausha ulimi. Chenga nazo zinakuwa bado hazijatoa chochote cha maana, zinaleta uchachu. Huwezi kurekebisha: ukiiacha zaidi kwenye maji uchungu unazidi, ukiiwahi uchachu unazidi. Meno yanafanya kazi kama ile mashine ya mahindi ya mawe. Punje inaingia kati ya nyuso mbili na haitoki mpaka iwe imesagika ikatosha kupita kwenye mwanya. Unachonunua ni huo mwanya, na uwezo wa kuubana au kuuachia unavyotaka.

Basi dukani omba uifungue. Toa hopa, kile chombo cha juu cha kumiminia buni, zungusha jino la juu, linyanyue. Kama halitoki kwa mkono wala kwa bisibisi, rudisha mashine kwenye rafu, maana hutaweza kuisafisha. Likitoka, litazame kwenye mwanga. Meno ya kweli yana kingo kali zilizochongwa, makubwa kwa juu ya kuvunja punje, madogo kwa chini ya kusaga. Pitisha ukucha kwenye kingo: ukucha unatakiwa ukwanguke. Kuna mashine za bei rahisi zilizoandikwa kwenye boksi kwamba ni za meno, ukifungua unakuta visahani viwili vyenye vinundu butu. Hizo zinaponda tu. Zinatoa vumbi karibu sawa na blenda, na kelele za ziada.

Halafu shika jino la chini, lile lililokaa kwenye shafti, lisukume pembeni kwa kidole gumba. Likicheza, mwanya wako ni mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, na hakuna namba kwenye mashine itakayolitibu hilo. Muuzaji anaweza kukuambia zote ziko hivyo. Si kweli.

Meno yako ya aina mbili: koni na bapa. Bapa ni visahani viwili vinavyotazamana. Yakiwa makubwa husaga sawasawa sana, kama yale ya milimita 64 ya mashine ya Fellow Ode, ambayo wapenzi wa chujio la karatasi huisifu. Lakini Ode haikutengenezwa kwa espreso, kwa hiyo kama una mashine ya espreso uliza kabla ya kulipa. Koni ni jino lililochongoka linalokaa ndani ya pete yenye meno. Huzunguka taratibu zaidi, unga mchache unabaki ndani, na majirani wa chumba cha pili hawaamki. Kwa nyumba ya kawaida mimi nachagua koni ya chuma, ya milimita 38 hadi 40. Baratza Encore iko humo: koni ya milimita 40, hatua 40 za kurekebisha, na kampuni inauza spea moja moja. Hilo la spea mimi naliweka mbele ya sifa nyingine zote. Mashine isiyo na spea, gia ya shilingi chache ikikatika, unatupa mashine nzima.

Meno ya kauri hayashiki kutu, ni kweli. Lakini jiwe likiingia yanamegeka, na kwenye buni zetu mawe yapo.

Sasa kibandiko cha chini. Mama mmoja wa Kibosho aliniletea mashine mpya kabisa, imetumwa na bintiye aliyeko Marekani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba fundi. Hiki kitu kimelia mara moja tu, kikatoa moshi.”

“Mlikichomeka vipi?”

“Kwa adapta. Mbona pini ziliingia vizuri!”

Adapta hubadilisha umbo la pini, basi. Kibandiko kilisema 120V 60Hz, na umeme wetu ni volti 230. Mota ilipewa karibu mara mbili ya chakula chake. Aliyeko Muscat au Dubai akikununulia, volti zinafanana na zetu na hata plagi ya pini tatu ni ileile, ila bado mwambie asome kibandiko, asikisie. Kama tayari unayo ya volti 120, usiitupe: nunua transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa mara mbili au tatu ya wati za mashine, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya ilivyoandikwa. Transfoma haibadilishi zile Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, lakini mota nyingi za mashine hizi ni za DC au za kaboni, haziathiriki na hilo.

Kwenye kibandiko hichohicho tafuta herufi KB na namba, mfano “KB 1 min”. Ni wachache wanaouliza maana yake. Ina maana mota imeundwa kufanya kazi dakika moja mfululizo, kisha ipumzike ipoe. Kwa vikombe vya familia inatosha kabisa. Kwa kusaga kilo tatu za kuuza kwenye vipakiti haitoshi, na wanaofanya hivyo ndio wateja wangu wa kudumu.

Umeifikisha nyumbani. Kwanza tafuta sifuri yake. Hopa ikiwa tupu, washa, halafu sogeza taratibu kuelekea laini mpaka usikie mkwaruzo mwembamba wa chuma kugusa chuma. Rudisha hatua moja hapohapo, uzime, uweke alama kwa rangi ya kucha. Nyingine hazigusani hata ukifika mwisho. Basi mwisho ndiyo sifuri. Kuanzia hapo namba zako zinahesabiwa kutoka kwenye alama, usifuate picha za vikombe zilizochorwa na kiwanda. Na ushike hili: ukisogeza kuelekea laini, mota iwe inazunguka. Ikiwa imezimwa, punje zilizobaki kati ya meno zinabanwa, na wewe unalazimisha plastiki. Kuelekea nene haina shida hata ikiwa imezimwa.

Kabla ya kusaga, mwaga buni kwenye ungo uchambue. Buni yetu nyingi imeanikwa, imezolewa, imejazwa magunia, imekaangwa, na katika safari hiyo kokoto huwa haikosekani. Kokoto iliyokaangwa pamoja na kahawa inapata rangi ileile ya kahawia, macho yanaipita. Tikisa ungo usikilize: buni iliyokaangwa inalia kwa wepesi, ni kavu na ina uwazi ndani, jiwe linagonga. Ukiwa na buni za daraja la PB, zile za mviringo, jiwe linajificha vizuri zaidi, kwa hiyo pitisha na vidole. Buni mbichi usithubutu kuisaga humo, hata ya kujaribu.

Waliokaanga wenyewe kwenye chungu au kikaango waiache ipoe na ilale angalau usiku mmoja. Ikiwa ya moto inanata kwenye meno, na kahawa iliyotoka motoni bado inatoa hewa nyingi, maji hayaipenyi vizuri. Halafu mikaango ya nyumbani huwa haiko sawa; punje zilizobaki na rangi hafifu ni ngumu, mota utaisikia ikilemewa. Hizo zinahitaji kusagwa laini kidogo kuliko nyeusi.

Hopa usiijaze kama mtungi wa maji. Pima unachokunywa sasa, kimimine, saga kiishe. Mizani ndogo ya jikoni ni rafiki wa mashine hii. Mimi kwa chujio la karatasi natumia gramu 15 kwa mililita 250 za maji. Kwa presi, gramu 30 kwa nusu lita, dakika 4. Unga uliosagwa jana umeshapoteza harufu, na kama uko Tanga au Dar na unyevu wa pwani, umeshaanza kushikana.

Kurekebisha usaga, vyombo vyenyewe vinakuambia. Kwenye presi, mpini ukigoma kushuka, umesaga laini mno. Ukizama bila kukinza, nene mno. Kwenye chujio la karatasi, mililita 250 zipite kwa kama dakika 3. Zikikaa dakika 5, achia mwanya. Zikikimbia kwa dakika moja na nusu, bana. Baada ya hapo uachie ulimi uamue. Kahawa ikiwa chachu na nyepesi kama maji, sogeza hatua moja au mbili kuelekea laini. Ikiwa chungu, inakausha mdomo, sogeza kuelekea nene. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha usaga, kipimo na muda kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia. Watu wa huku mlimani mkumbuke pia kwamba maji yetu huchemka kabla ya nyuzi 100: hapa mjini ni kama 97, na ukipanda juu vijijini hupungua tena. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba usubiri maji yapoe baada ya kuchemka, puuza, mimina yakiwa yanatokota.

Kipindi cha baridi kavu, Juni na Julai, unga unaruka na kung'ang'ania kwenye plastiki kwa umeme tuli. Chovya mpini wa kijiko kwenye maji, ukung'ute, koroga nao buni kabla ya kusaga. Tone moja linatosha. Ukiloanisha buni, meno yatashika kutu.

Umeme ukikatika katikati ya kusaga, zima na uchomoe papo hapo. Ukirudi, mara nyingi huja na volti zilizopanda, na mota itatakiwa ianze ikiwa imebanwa na punje. Hapo ndipo zinapoungua. Toa buni kwenye hopa, fungua jino la juu, safisha, washa ikiwa tupu, ndipo uendelee. Ni hivyohivyo ikikwama kwa jiwe: chomoa, fungua, litoe. Anayebonyeza kitufe tena na tena akitumaini litapita huwa ananiletea gia iliyonyolewa. Mashine ikizima yenyewe na ni ya moto, iache nusu saa, huenda kinga ya joto ndiyo imeizima.

Watu wa pwani watanibishia kwenye hili: karafuu, iliki, mdalasini na tangawizi kavu zisipite humo. Mafuta ya karafuu yakishaingia kwenye plastiki hayatoki, kila kikombe kitakuwa cha karafuu hadi mwisho wa mashine. Vitwange pembeni, uvitie kwenye birika.

Kusafisha ni brashi ndogo kavu, ile ya kupakia rangi au mswaki usiotumika, mara moja kwa wiki kwenye meno na kwenye mdomo wa kutokea unga. Mara moja kwa mwezi litoe jino la juu ulinuse. Likinuka mafuta yaliyochacha, ndiyo ladha uliyokuwa ukiilaumu buni. Meno ya chuma hayaoshwi kwa maji. Hopa inaoshwa kwa sabuni, ila ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Wapo wanaosaga mchele mkavu eti unasafisha. Mchele ni mgumu kuliko buni iliyokaangwa, mota ndogo inaumia, na wanga unabaki kwenye kona. Vipo vidonge maalumu vya kusafishia. Usipovipata, brashi na uvumilivu vinatosha.

Meno yakichakaa utajua: kiasi kilekile cha buni kinachukua muda mrefu zaidi, unga unatoka na joto, na vumbi linaongezeka hata kwenye namba ya nene. Badilisha meno, usibadilishe mashine. Na ukimpelekea fundi, peleka vipande vyote, pamoja na ile washa nyembamba na kipete cha mpira vilivyobaki kwenye droo ya jikoni. Hopa iwe tupu. Nimechoka kufagia buni za watu.