Mapacha Wanaokua kwa Viwango Tofauti Tumboni: Jinsi ya Kuisoma na Kuifuatilia Tofauti

Karatasi ya altrasaundi ya mapacha huwa na uzito wa makadirio mara mbili, na jicho hukimbilia hapo: mmoja gramu 1,800, mwenzake 1,440. Kabla ya kuhesabu chochote, tafuta majibu ya kipimo cha kwanza ujue kama watoto wana kondo la nyuma moja au kila mmoja ana lake. Tofauti ileile ya uzito hubeba maana mbili zilizo mbali kabisa kutegemea jibu hilo.

Kondo kwanza

Wakati mzuri wa kulijua ni kati ya wiki ya 11 na ya 14. Mpimaji hutazama pale utando unaotenganisha watoto unaposhika kwenye kondo. Ukiwa mnene, na kondo limepenya katikati yake kama ncha ya pembetatu, hiyo ni alama ya lambda: makondo ni mawili. Utando mwembamba uliosimama kama herufi T ni dalili ya kondo moja. Baadaye alama hizi hufifia, tena makondo mawili yaliyokaa jirani huweza kuungana yakaonekana moja, kwa hiyo neno "kondo moja" lililoandikwa kwa mara ya kwanza wiki ya 28 si la kutegemea sana. Jinsia zikitofautiana, hesabu makondo mawili. Kujua tu kwamba ni mapacha wa kufanana hakusaidii, kwani karibu theluthi moja yao wana makondo mawili.

Penye makondo mawili, mdogo huenda ana kondo lililojishikiza vibaya, au kamba ya kitovu chake imeshika pembeni mwa kondo, au amerithi umbo dogo tu kama ndugu wengine wowote. Penye kondo moja, wamegawana eneo la kondo bila usawa, na mishipa yao ya damu imeunganishwa ndani yake. Kinachompata mmoja kinaweza kumfikia mwenzake.

Hesabu yenyewe

Toa uzito wa mdogo kwenye uzito wa mkubwa, gawanya jibu kwa uzito wa mkubwa, zidisha kwa 100. Kwa mfano wetu: 360 gawanya kwa 1,800 ni asilimia 20. Wengi hukosea kwa kugawanya kwa uzito wa mdogo, wakapata 25, na hapo ndipo uamuzi hubadilika. Ikifika 20, vipimo husogezwa karibu zaidi. Ikifika 25, au mtoto mmoja akishuka chini ya mstari wa 10 wa chati ya ukuaji (yaani katika watoto 100 wa umri huo, yumo kwenye 10 wepesi zaidi), mama apelekwe kwa daktari bingwa wa watoto walio tumboni.

Asilimia pekee haitoshi. Mkubwa mno na wa wastani wanaweza kutofautiana kwa 25 wote wakiwa salama, ilhali tofauti ya 15 yenye mdogo aliye chini ya mstari wa 3 ni jambo zito zaidi.

Kumbuka pia kwamba mashine haipimi uzito. Inapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha inakadiria, na kukosea kwa asilimia 10 hadi 15 ni kawaida. Ikizidisha gramu 180 kwa mkubwa na kupunguza 144 kwa mdogo, uzito halisi ni 1,620 na 1,584, na hofu yote imejengwa juu ya gramu 36. Kwa hiyo tazama mwelekeo wa vipimo viwili au vitatu. Ukuaji usilinganishwe kwa vipimo vilivyopishana chini ya wiki mbili, kwa kuwa kosa la mashine litazidi ukuaji wenyewe.

Makosa mengine mawili huharibu mfululizo mzima. La kwanza ni kubadilishana majina: "A" wa mwezi uliopita anaandikwa "B", na grafu inaonyesha mtoto aliyepungua. Kila mmoja atambulishwe kwa mahali alipo (kulia au kushoto, juu au chini) na kitovu chake kinaposhika. La pili ni umri wa mimba kuhesabiwa kwa kipimo cha mdogo. Hutumika cha mkubwa, la sivyo upungufu wa mdogo unafichika.

Ratiba

Makondo mawili: kila wiki 4 kuanzia wiki ya 20. Kondo moja: kila wiki 2 kuanzia wiki ya 16, na hapo uzito si kipimo kikuu. Uliza kina cha maji yanayomzunguka kila mtoto. Mmoja akiwa na chini ya sentimita 2 na mwenzake zaidi ya 8 (baada ya wiki ya 20 vituo vingi hutumia 10), damu inahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hali hiyo hutibiwa kwa leza ya kufunga mishipa inayowaunganisha, mara nyingi kati ya wiki ya 16 na ya 26. Tumbo likivimba ghafla ndani ya siku chache, likakaza, au pumzi zikabana, usingoje tarehe ya kliniki.

Kwa mtoto mdogo, Dopla (altrasaundi inayopima mwendo wa damu) ya ateri ya kitovu huonyesha kama damu inaendelea kwenda mbele kati ya pigo na pigo la moyo. Ikisimama au kurudi nyuma, kondo limelemewa. Penye kondo moja, mtiririko unaosimama kisha kuendelea tena ni wa hila: mtoto anaweza kuharibikiwa bila onyo.

Nyumbani

Kula kupita kiasi hakumfikishii mdogo chakula. Kasoro iko kwenye kondo, si kwenye sahani. Kulala kitandani mchana kutwa hakujathibitika kusaidia. Kunakosaidia ni kudhibiti presha, kutibu upungufu wa damu na kuacha sigara na pombe. Watoto wakipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama hujui ni yupi.

Kuzaa

Bila matatizo, wenye makondo mawili huzaliwa karibu wiki ya 37, wenye kondo moja karibu wiki ya 36. Tofauti kubwa huleta tarehe mapema, pamoja na sindano za kukomaza mapafu kabla ya wiki ya 34. Penye kondo moja, kifo cha mmoja huweza kuporomosha presha ya mwenzake na kudhuru ubongo wake, hivyo madaktari hawasubiri kama wangefanya penye mawili. Panga kuzalia penye chumba cha watoto wachanga: mdogo atahitaji joto na kupimwa sukari mapema. Omba kondo lichunguzwe.