Kabla hujaenda kutafuta miche, hesabu kwanza visiki vilivyoko shambani kwako

Wakulima wenzangu wa Dodoma, hasa mlioko Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa, leo tuongee kuhusu visiki. Kila mvua zikikaribia watu wanauliza miche inagawiwa wapi, ni ya bure au ya kununua, mwisho lini, na mimi swali langu huwa moja tu, shambani kwako kuna visiki vingapi? Mtu anashangaa, maana kwake kisiki ni kero, kinakwaza jembe, kila mwaka anakikata anakichoma na kila mwaka kinachipua tena. Sasa hapo ndo penyewe. Kitu kinachokatwa, kinachomwa, kinaliwa na mbuzi na bado kinachipua, ujue chini kina mizizi mizima iliyokwenda mbali na inayajua maji yalipo.

Mche wa kitaluni hauna hiyo mizizi. Kwetu huku mvua ni msimu mmoja, inaanza Desemba mpaka Aprili hivi, kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600 na hapo katikati Februari jua linaweza kutuingilia wiki mbili tatu. Huo mche ukiupanda Januari, ifikapo Mei unaanza kupigana na kiangazi cha zaidi ya nusu mwaka, nani ataumwagilia wakati maji ya kunywa yenyewe mama anayafuata mbali? Sisemi msipande miti, pandeni, ila kwa nguvu na maji tuliyonayo kisiki kinatangulia.

Njia hii ya kuchagua chipukizi chache za kisiki na kuzikuza ziwe mti inaitwa kisiki hai. Aliyeiendeleza ni Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa akifanya kazi Niger, na mwaka 1983 ndo akaanza kuisambaza kwa wakulima baada ya kuona miche mingi inakufa wakati jangwani kumejaa visiki vinavyochipua. Hapa kwetu taasisi ya LEAD Foundation, ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, wameisambaza vijijini Dodoma kuanzia 2018, na kitu ninachowapendea ni kwamba hawagawi vitu, wanafundisha watu wachache kijijini alafu hao wanawafundisha majirani zao. Mradi wa kugawa vitu ukiisha na kazi imeisha, lakini mtu akishajua kupogolea nani atamnyang'anya?

Haya, kazi yenyewe. Ifanye kiangazi, baada ya kuvuna na kabla ya mvua. Pita shambani uangalie visiki vyenye chipukizi zenye afya, mkungugu, mgunga wowote, mkole, mkwaju, mninga, vyovyote ulivyonavyo. Chukua mfano kisiki cha mkungugu, utakuta kina chipukizi kumi au zaidi zimesongamana kama kichaka, zote nyembamba, zote zinagombea maji yaleyale na ndo mana hakiendi juu. Chuchumaa uangalie kwa chini, chagua tatu au nne zilizonyooka na zilizoshika vizuri kwenye kisiki chenyewe, zilizobaki kata zote, na panga liwe kali kweli, kata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike, maana panga butu linachana gome mpaka chini na wadudu wanaingia hapohapo. Zile ulizobakiza ondoa matawi ya pembeni kuanzia chini mpaka nusu ya urefu wake, juu uache majani ya kutosha yanayoulisha mti. Watu wengi kwa hamasa wananyoa mpaka kinabaki kishungi kidogo juu, hapana, mti utadhoofika.

Ukimaliza funga kitambaa chenye rangi inayoonekana kwa mbali. Usikidharau hicho kitambaa, ndo kinamwambia mchungaji na mtu wa mkaa kwamba huu una mwenyewe, sio kichaka cha porini. Kila baada ya miezi michache pita tena uondoe chipukizi mpya, mana zitatoka tu. Miti ikiwa mikubwa, kwenye yale mashina uliyobakiza unaweza kuvuna moja likawa nguzo au kuni na mengine yanaendelea.

Matawi uliyokata usiyachome. Majani yatandaze shambani, vijiti peleka jikoni, na kama nyumbani kuna jiko banifu la udongo hivyo vijiti vinapika siku nyingi bila mama kwenda porini kukata mti mwingine. Kwa kweli hapa ndo wanawake wengi wanaelewa haraka kuliko sisi wanaume, wao kuni wanazibeba kichwani.

Najua swali linalofuata, kivuli si kitaharibu alizeti? Kinaweza, ukiacha kila kisiki kikue. Acha nafasi, shamba la alizeti au mtama miti iwe michache na upogolee juu zaidi jua lipite, ile mingi iache mipakani na kwenye makorongo. Mgunga na mkungugu ni jamii ya mikunde, inarutubisha udongo, na maganda yake yakidondoka kiangazi mbuzi wanayagombania.

Mifugo ndo kazi ngumu kuliko zote. Baada ya mavuno mila yetu shamba la kila mtu ni malisho, ng'ombe wanaingia popote, na chipukizi laini ndo chakula kitamu cha mbuzi. Wazee wa Kondoa wanakumbuka HADO, yani Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi wa serikali wa kuhifadhi ardhi ulioanza 1973, ambapo mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye ile milima iliyokuwa imeliwa na mmomonyoko. Uoto ulirudi, na sehemu kubwa ulirudi wenyewe kwa kupumzishwa tu, ila familia ziliumia kutengana na mifugo yao. Ndo mana nasisitiza tukubaliane sisi wenyewe mapema kabla hatujafika huko. Pelekeni hoja mkutano mkuu wa kijiji, tungeni sheria ndogo, ionyeshe wapi mifugo ipite na wapi isiingie miaka miwili mitatu ya mwanzo, na wafugaji wawepo kwenye hicho kikao. Sheria iliyotungwa bila mfugaji haifiki hata msimu mmoja.

Wakati miti inakuja, mazao nayo yanahitaji maji yabaki shambani. Ukiberega, yani ukakata, ukachoma na kupanda juu juu bila kulima, mvua kubwa ikija maji yote yanateremka na udongo. Jaribu mashimo ya Chololo, yamepewa jina la kijiji cha hapahapa Dodoma. Shimo lina upana wa sentimita 22 na kina cha 30, kutoka shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari 90, udongo unaotoka unauweka upande wa chini wa mteremko. Ndani weka majivu kidogo kuzuia mchwa, kisha samadi iliyooza na mabua, rudishia udongo lakini usilijaze, liache na bakuli la kukinga maji, halafu panda mbegu mbili za mtama, uwele au mahindi. Ni kazi ngumu jamani, anza na robo ekari.

Walimu mlioko vijijini, klabu ya mazingira ya shule ipewe visiki vyake vya eneo la shule, kila kundi la watoto na kisiki chake na kitambaa chake. Mtoto aliyepogolea mwenyewe hachungii mbuzi hapo.

Kama kijijini kwenu hakuna aliyefundishwa, muulizeni afisa ugani au mtendaji wa kata kijiji gani jirani wameshaanza, mwende kikundi cha watu watano hivi mkaone kwa macho na mkajaribu kukata hukohuko shambani kwa mwenyeji, nendeni Septemba au Oktoba ili mkirudi bado muda upo wa kupogolea vya kwenu kabla mvua hazijaanza.