Kutengeneza Dizeli ya Mimea kwa Kichocheo cha Maganda ya Mayai

Kostiki soda, kichocheo cha kawaida (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemikali), hugeuza mafuta ya kupikia kuwa dizeli haraka, lakini huyeyuka humo humo, haipatikani tena, na huacha sabuni inayodai maji mengi ya kuoshea. Kichocheo kigumu huchujwa na kurudiwa. Wauza chipsi mayai hutupa kila siku vitu viwili tunavyovihitaji: maganda, na mafuta yaliyokwisha kukaangia.

Kwanza, osha gramu 50 za maganda, bandua utando wa ndani, kausha, saga, kisha choma katika tanuri ya maabara kwa nyuzi 900 za Selsiasi kwa saa 3. Kabonati ya kalisi iliyo katika maganda hutoa kaboni dayoksaidi na kubaki oksidi ya kalisi, ndiyo kichocheo chetu, uzito wake ukiwa zaidi kidogo ya nusu. Ifungie mara moja katika chombo kisichopitisha hewa, kwani unyevu, hasa wa pwani, huidhoofisha upesi.

Pili, chuja gramu 500 za mafuta na uyachemshe kwa nyuzi 110 hadi mapovu ya maji yakome. Yakipoa, pima asidi huru, yaani asidi za mafuta zilizojitenga. Zikizidi asilimia 1, tafuta mafuta mengine, kwa sababu zitafanya sabuni na kula kichocheo.

Tatu, koroga gramu 25 za oksidi katika mililita 210 za methanoli, ongeza mafuta, na udumishe nyuzi 60 hadi 65 chini ya kondensa (kifaa kinachopoza mvuke urudi kuwa kimiminika) kwa saa 3, ukikoroga kwa nguvu. Methanoli hupofusha na kuua, na mvuke wake hushika moto; usithubutu kufanya kazi hii jikoni wala penye moto wazi.

Nne, chuja kichocheo, keneka methanoli iliyobaki, yaani ivukize na uipoze mvuke wake, ili uitumie tena, kisha acha gliserini ituame chini.

Hatua inayorukwa na wengi ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Rudia mmenyuko, uchuje unga wa kichocheo katikati ya safari mchanganyiko ukiwa bado moto, kisha endelea bila unga. Dizeli ikizidi kuongezeka, kalisi imeyeyuka, na madai kwamba kichocheo hufanya kazi kikiwa kigumu hayajathibitika. Pima mavuno kila unapokirudia. Yakishuka, kioshe kwa methanoli na ukichome upya. Kalisi iliyosalia ndani ya dizeli iondolewe kabla mafuta hayajafika kwenye injini.